Rollei 35: kwa nini kila kitu kimekaa mahali pasipozoeleka

Mtu aliyezoea kamera za filamu akiishika Rollei 35, kamera ndogo ya Kijerumani, kwa mara ya kwanza huanza kupapasa. Kidole gumba cha kulia kinautafuta mkono wa kuvutia filamu na hakiukuti, kwa sababu uko kushoto. Pa kuchomeka flashi hapapo juu, pako chini ya tumbo la kamera. Kishikio cha kurudishia filamu kiko hukohuko chini, na kidirisha kinachoonyesha umefika picha ya ngapi kiko chini vilevile. Kasi ya shata (mlango unaofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) na ukubwa wa tundu la lenzi, ambavyo kwenye kamera nyingi ndogo za wakati ule vilipangwa kwa pete zinazoizunguka lenzi, hapa vinapangwa kwa vigurudumu viwili vilivyobandikwa usoni, kimoja kila upande wa lenzi. Na betri ikiisha huwezi kuibadilisha mpaka uuvue mgongo wote wa kamera, maana yake usiwe na filamu ndani.

Wengi wakishaorodhesha maajabu haya husema mhandisi alitaka tu aonekane tofauti. Mimi nakataa. Kamera hii nimeishika, nimeifungua na nimepiga nayo, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba karibu kila kilichohamishwa kilihamishwa kwa kulazimika. Ukikifuata kila kitu nyuma hadi kilikotokea, njia zinakutana kwenye uamuzi mmoja aliouchukua Heinz Waaske, mhandisi wa Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960: aliigawa shata vipande viwili. Ukiuelewa uamuzi huo, kamera nzima inaeleweka.

Filamu haipungui

Tuanze na kile ambacho hakuna mhandisi anayeweza kukibadilisha. Filamu ya milimita 35 inauzwa ndani ya mkebe wenye kipenyo cha milimita 25 hivi. Picha inayopigwa juu yake ina kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36. Vipimo hivyo vilitokana na kazi ya Oskar Barnack kwenye kampuni ya Leitz, mjini Wetzlar. Barnack alichukua filamu ya sinema, akaipitisha kwa mlalo, akaunganisha nafasi ya picha mbili za sinema kuwa picha moja, na kamera ya Leitz iitwayo Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 kipimo hicho kikasambaa duniani. Unaweza kupunguza unene wa bati, kupunguza skrubu, hata kuondoa ngozi ya nje, lakini mkebe ni uleule, picha ni ileile, na upande wa pili lazima pawe na roda ya kuipokea filamu.

Kwa hiyo waliotaka kamera ndogo kweli waliikata picha. Walter Zapp aliitengeneza Minox mjini Riga, ikaanza kutoka kiwandani mwaka 1938, na picha yake ilikuwa milimita 8 kwa 11 tu. Olympus ya Japani mwaka 1959 ilileta Pen, iliyotumia filamu ya kawaida lakini ikapiga nusu picha, milimita 18 kwa 24, ukapata picha 72 mahali pa 36. Wengine walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, na Waaske mwenyewe, alipokuwa mhandisi wa kampuni ya Wirgin mjini Wiesbaden, alibuni kamera ya aina hiyo iliyoitwa Edixa 16.

Ubaya wake unaonekana kwa hesabu. Picha ya 24 kwa 36 ina milimita za mraba 864. Nusu picha ina 432. Ya Minox ina 88, karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya kwanza. Ukitaka kuchapisha picha ya karatasi yenye kimo cha sentimita 18, negativu ya kawaida unaikuza mara saba na nusu, ya nusu picha mara 10, na ya Minox zaidi ya mara 22. Chembechembe za filamu zinakuzwa pamoja na sura ya mtu. Kwa filamu za miaka ile, hasa zile za kasi kubwa, yaani zinazohitaji mwanga kidogo, hilo halikufichika: mashavu yalitoka kama yamemwagiwa mchanga.

Waaske aliliona soko hilo kwa karibu, naye akafikia hitimisho ambalo sasa linaonekana jepesi lakini wakati huo halikuwa hivyo. Watu walikuwa wanataka kamera ndogo. Picha ndogo walikuwa wanaivumilia. Akaamua kuihifadhi picha kamili ya 24 kwa 36 na kukipunguza kila kingine kilichobaki.

Tatizo la unene

Upana na kimo si tatizo kubwa. Ukiweka mkebe upande mmoja, roda upande wa pili na dirisha la picha katikati, ukavibana bila nafasi ya kupoteza, unapata kamera ya upana wa milimita 97 na kimo cha 60. Ndivyo ilivyo Rollei 35. Ugumu uko kwenye unene, ambao ni milimita 32 lenzi ikiwa ndani.

Lenzi aliyoichagua ina urefu wa fokasi wa milimita 40. Ili kitu cha mbali kitoke wazi kwenye filamu, lenzi ya namna hiyo lazima ikae milimita 40 hivi mbele ya filamu. Kamera ya unene wa milimita 32 haina nafasi hiyo, hata kabla ya kuhesabu mgongo wake na bati la kuikandamiza filamu. Basi lenzi lazima itoke nje wakati wa kupiga na irudi ndani wakati wa kubebwa, kama kichwa cha kobe.

Njia za kufanya hivyo zilikuwepo zamani. Ya kwanza ni kifuko cha kukunjika, kama kwenye Retina za Kodak zilizotengenezwa Stuttgart tangu mwaka 1934. Unafungua mlango, lenzi inajongea mbele juu ya vishikizo vyake, kifuko kinanyooka. Inafanya kazi vizuri, ila mlango na vishikizo vina unene wake na uzito wake. Njia ya pili ni bomba linaloteleza, kama lenzi ya Elmar kwenye Leica za awali: unalivuta, unalizungusha, linajifunga. Hiyo ndiyo iliyomvutia Waaske.

Lakini Leica ilikuwa na nafuu ambayo yeye hakuwa nayo. Shata ya Leica ni pazia la kitambaa linalopita mbele ya filamu, ndani ya mwili wa kamera. Ndani ya bomba lake hamna kitu ila vioo na vibamba vya tundu, na ndiyo maana linateleza bila shida. Gharama yake ni kwamba pazia linahitaji mirija ya kujiviringisha huku na huku ya dirisha la picha, na nafasi hiyo inaongeza upana. Leica za wakati huo zilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 13. Kwa kamera ya kutiwa mfukoni, hizo ni nyingi mno.

Aina nyingine ya shata ni ile inayokaa katikati ya vioo vya lenzi, maarufu kwa jina la Compur kutoka kiwanda cha Munich. Hii ni pete. Katikati kuna vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunguka kutoka kati kwenda pembeni kisha vikajifunga. Kuvizunguka kuna springi ya kuvirusha, vyenzo, na msururu wa gia unaochelewesha kufunga, kwa kanuni ileile ya mashine ya saa, ili nusu sekunde iwe nusu sekunde kweli. Pete hiyo ni nzuri na imara, lakini ni pana. Ukiitia kwenye bomba, bomba linanenepa, na bomba nene haliwezi kuzama katikati ya mkebe wa filamu na roda. Lingegonga huku na huku.

Hapo ndipo wengi wangeikubali kamera iliyo kubwa kidogo.

Shata iliyogawanywa

Waaske aliiangalia ile pete akajiuliza ni nini ndani yake kinacholazimika kukaa karibu na vioo. Jibu ni vibamba peke yake na kile kinachovisukuma. Gia za kuhesabu muda zinaweza kukaa popote, mradi kuwe na njia ya kuvipelekea vibamba amri ya kufunga.

Akaviacha vibamba ndani ya bomba pamoja na lenzi. Gia za muda akazihamishia ndani ya mwili wa kamera. Bomba likabaki jembamba kiasi cha kuzama mahali pake. Ukilivuta nje na kulizungusha hadi lijifunge, sehemu zilizo kwenye bomba zinakutana na wenzao walio mwilini na shata inakuwa kitu kimoja. Ukilirudisha ndani, zinaachana.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu ndiyo roho ya kamera yenyewe. Mashine inayoachana na kuungana tena mara elfu kadhaa maishani mwake inahitaji sehemu zake ziungane kila mara katika hali ileile. Kama upande mmoja umekazwa springi na mwingine umelegea, meno hayatakutana. Basi Waaske alichagua hali moja tu ambayo ndani yake bomba linaruhusiwa kurudi, nayo ni shata ikiwa imekazwa tayari kwa picha inayofuata. Ndiyo maana ukishapiga picha kisha ukajaribu kuifunga kamera, inakukatalia. Kwanza vuta filamu, na kuvuta huko ndiko kunakoikaza shata. Halafu bonyeza kitufe kidogo kilicho juu karibu na kile cha kupigia, zungusha bomba, sukuma. Linazama polepole, ukihisi msuguano laini wa chuma juu ya chuma, mpaka uso wa lenzi ukaribiane na vigurudumu.

Wasiojua hulazimisha. Kamera nyingi za aina hii zinazouzwa kwa bei ya chini zikiwa na maelezo kwamba lenzi imekwama hazina tatizo jingine ila mwenye nayo hakuvuta filamu kwanza. Nyingine zilishavunjwa na mikono yenye haraka.

Jambo la pili linalofuata ni kwamba bomba likiwa ndani huwezi kupiga. Kitufe kinagoma. Hii inaokoa filamu, kwa sababu kamera inayokaa mfukoni ingejipigia picha za giza siku nzima.

La tatu ndilo lililoipa kamera sura yake. Gia za muda zikishakuwa mwilini, kidhibiti cha kasi hakina sababu ya kuzunguka lenzi. Kinaweza kuwa kigurudumu juu ya gia zenyewe. Na mhandisi akishafika hapo, tundu la lenzi nalo linafuata kwa kigurudumu cha upande wa pili. Ndiyo sababu uso wa Rollei 35 una yale macho mawili ya duara yanayoifanya itambulike ukiwa umbali wa meza tatu. Watu wanayaita pambo. Mimi nayaona kama alama ya nje ya kilichofanyika ndani.

Mlango baada ya mlango

Waaske alipomwonyesha Heinrich Wirgin kielelezo alichokitengeneza, alipewa habari mbaya: kampuni ilikuwa inaacha kutengeneza kamera. Akakipeleka kielelezo kwa Leitz na kwa Kodak. Hakuna aliyekitaka. Mwanzoni mwa mwaka 1965 akaajiriwa na Rollei mjini Braunschweig, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1920 na Paul Franke na Reinhold Heidecke, iliyojijengea jina kwa Rolleiflex, ile kamera ya lenzi mbili iliyotoka mwaka 1929. Hata huko alifanya kazi nyingine kwanza, kielelezo chake kikiwa kimekaa. Mkuu wa kampuni, Heinrich Peesel, alipokiona aliamua mara moja kwamba kitengenezwe, kwa sharti kwamba vipuri vitoke kwa wale waliokuwa tayari wanaiuzia Rollei: lenzi kwa Zeiss, kipima mwanga kwa Gossen, shata kwa Compur. Mwaka 1966 kamera ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Photokina mjini Cologne.

Sharti la Peesel ni la kibiashara, lakini naona lilikuwa zawadi kwa kamera. Watengenezaji watatu wa daraja la juu kabisa Ujerumani walijikuta wanaijazia sanduku moja dogo, kila mmoja kwa kitu anachokijua zaidi.

Juu pamejaa

Sasa rudi kwenye yale maajabu ya mwanzo, ukiwa na shata iliyogawanywa kichwani.

Mkebe wa filamu unakaa upande wa kulia ukiitazama kamera kwa nyuma, na filamu inasafiri kwenda kushoto. Kwenye kamera nyingi ni kinyume chake. Kwa kuwa upande wa filamu wenye dawa lazima uitazame lenzi, mkebe ukihamia kulia lazima upinduliwe juu chini. Ukishapinduliwa, ule mwisho wa mkebe unaoshikwa na kishikio cha kurudishia filamu unakuwa chini, na kishikio kinalazimika kuwa chini. Matokeo mengine yanaonekana ukiishika negativu iliyosafishwa: namba zilizo ukingoni mwa filamu zinasomeka juu chini ukilinganisha na picha. Fundi wa maabara asiyejua anaweza kudhani ulipiga filamu nzima ukiwa umeipindua kamera.

Roda ikiwa kushoto, mkono wa kuvutia unakuwa kushoto. Kwa siku za kwanza unakera. Baadaye unagundua kwamba mkono wa kulia hauondoki tena kwenye kitufe cha kupigia. Kushoto kunavuta, kulia kunapiga, na kamera haitikisiki kutoka jichoni. Nikirudi kwenye kamera za kawaida, ndizo ninazoziona zimekosea.

Sehemu ya juu ina kitufe cha kupigia, kitufe cha kufungulia bomba, dirisha la kusomea mwanga, mkono wa kuvutia, na chini ya bati lake kuna dirisha la kuchungulia pamoja na mtambo wa kipima mwanga. Hapo pa kuchomeka flashi pangepatikana kwa kuongeza kimo tu. Waaske hakukiongeza, akapapeleka chini. Hapa sitamtetea kupita kiasi: ni sehemu dhaifu ya kamera hii. Flashi ikimulika kutoka chini, kivuli cha pua kinapanda kuelekea kwenye paji la uso na mtu yeyote anatisha. Dawa yake ni kuipindua kamera nzima juu chini wakati wa kupiga na flashi, kitufe kikawa chini ya kidole gumba. Inawezekana, na wenye nayo wanazoea, lakini hakuna anayeifurahia.

Mgongo hauna bawaba. Unafungua kabari ya chini, unauteremsha, unatoka wote pamoja na tumbo la kamera, na unabaki na vipande viwili mkononi. Ndani kuna bati la kuikandamiza filamu linalofunguka lenyewe. Ukiwa umesimama barabarani unajikuta unatafuta mkono wa tatu. Faida yake ni kwamba gamba hilo linalokumbatia kingo za mwili halihitaji nafasi ya bawaba, nalo likifungwa linaubana mwili wote kuwa kitu kigumu kimoja. Kamera ina uzito wa karibu gramu 370, na kwa ukubwa wake mdogo inaonekana nzito. Ishike na utaelewa kwamba chuma hakikupunguzwa.

Mwanga na umbali

Kwa kuwa vigurudumu vyote viwili viko mwilini, karibu kabisa na kipima mwanga, kuviunganisha nacho kulikuwa rahisi kuliko kwenye kamera zenye pete za lenzi. Kwanza unapanga kasi ya filamu kwenye kigurudumu cha tundu. Kisha unaitazama kamera kutoka juu: kwenye kidirisha kuna sindano mbili, moja inayofuata mwanga na nyingine inayofuata vigurudumu. Zungusha kimojawapo mpaka sindano zikutane. Kasi zinaanzia nusu sekunde hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, na tundu la lenzi ya kwanza linaanzia f/3.5 hadi f/22 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana).

Kusoma mwanga kutoka juu kuna faida inayosahauliwa. Unaweza kumaliza mahesabu yote kamera ikiwa kifuani, bila kumwelekezea mtu chochote usoni. Jicho linaenda kwenye dirisha la kuchungulia kwa sekunde moja tu ya kupanga picha. Na dirisha lenyewe ni kubwa na angavu kuliko unavyotarajia kwenye mwili mdogo hivyo.

Kipima mwanga hakina swichi ya kuzima. Kwenye giza jicho lake la kadimiamu salfaidi hupitisha umeme kidogo sana, hivyo kamera ikikaa kwenye mfuko wake betri inadumu. Ukiiacha juu ya meza karibu na dirisha, inakula betri usiku na mchana. Betri yenyewe ndiyo inayowasumbua watumiaji wa leo. Iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo sifa yake ilikuwa kukaa kwenye volti hiyohiyo karibu mpaka inakufa. Betri za zebaki zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Ukitia ya alkali ya volti 1.5, kipima kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka na giza. Wengi wanatumia betri za zinki zinazovuta hewa, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, kwa sababu volti yake iko karibu na ile ya zamani. Wengine wanaacha kabisa na kutumia kanuni ya jua: jua kali, filamu ya kasi ya ASA 100, tundu f/16, kasi 1/125.

Kuhusu umbali, kamera hii haikusaidii kwa chochote. Hakuna kipima umbali. Unakadiria kwa jicho na kuizungusha pete ya lenzi hadi kwenye namba, kuanzia sentimita 90 hadi mbali kabisa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoogopa, na wanaogopa bila sababu kubwa. Lenzi ya milimita 40 ina eneo pana la uwazi. Ukiweka tundu f/8 na umbali wa mita sita na nusu hivi, kila kitu kuanzia kama mita tatu na robo hadi upeo wa macho kinatoka wazi vya kutosha. Ukifunga hadi f/11 na kuweka mita tano hivi, uwazi unaanzia karibu mita mbili na nusu. Mchana, mtaani, hulengi umbali. Unaupanga mara moja asubuhi. Shida inakuja jioni, tundu likiwa wazi kabisa na mtu amesimama mita moja na nusu mbele yako. Hapo kosa la hatua nusu linaonekana, na hakuna hila itakayokuokoa isipokuwa kujizoeza kupima kwa jicho.

Kipima umbali kingehitaji dirisha la pili usoni, kioo cha pili ndani, na mkono wa kuunganisha lenzi inayoingia na kutoka na mtambo ulioko mwilini. Ongeza yote hayo na umerudi kwenye kamera ya sentimita 13.

Lenzi ya kwanza ilikuwa Tessar, yenye vioo vinne vilivyopangwa makundi matatu, muundo ambao Paul Rudolph aliubuni kwa Zeiss mwaka 1902. Ulikuwa umeshafikisha zaidi ya miaka 60, na ulifaa kwa sababu ni mfupi, unaingia kwenye bomba jembamba, na unatoa picha kali. Mwaka 1974 ikaja Rollei 35 S yenye lenzi ya Sonnar ya f/2.8, inayoruhusu mwanga zaidi kidogo lakini inachomoza zaidi kamera ikifungwa. Ukiniuliza, nitachagua Tessar. Tofauti ya mwanga haifikii kituo kimoja kamili, yaani mwanga mara mbili, na wembamba ndio uliokuwa shabaha tangu mwanzo.

Tangu mwaka 1971 utengenezaji ulihamia Singapore, ambako Rollei ilijenga kiwanda kwa sababu ya mishahara ya Ujerumani. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa zile zilizoandikwa Ujerumani. Kwa mpiga picha, hali ya kamera moja moja ina uzito kuliko maandishi hayo, kwa sababu mtambo ni uleule. Rollei ilifilisika mwaka 1981 na kiwanda cha Singapore kikafungwa, baada ya aina mbalimbali za Rollei 35 kufikia takriban milioni mbili.

Ukitaka kununua

Kwa kuwa shata iko vipande viwili, ikague vipande viwili. Vuta bomba, lizungushe mpaka usikie limeshika. Likitikisika pembeni, njia yake imelika, na ubora wa picha utaathirika pembezoni kabla ya katikati. Vuta filamu, fungua mgongo, weka tundu f/3.5, piga huku ukitazama kupitia lenzi kwa nyuma: vibamba vifunguke duara safi bila mafuta juu yake. Hiyo ni nusu ya kwanza.

Nusu ya pili isikilize. Weka nusu sekunde, sogeza kamera karibu na sikio, bonyeza. Utasikia mlio mwembamba wa gia ukianza na kuisha kwa mwendo mmoja. Ukiusikia unasitasita katikati, grisi imekauka kwenye gia za mwilini, na fundi anaweza kuzisafisha bila kuigusa lenzi. Kisha vuta tena, bonyeza kitufe cha kufungulia, zungusha, sukuma bomba ndani. Lirudie zoezi hilo mara tatu au nne mfululizo, ukipiga na kuvuta kila mara, maana shata iliyochoka huungana vizuri mara ya kwanza na kukosea ya tatu.